Kumi na Saba juu ya Ishirini

Niliporudi Kolwezi kutoka Ulaya, Bulaya kama tulivyoiita, nilishuka kwenye treni na suti ya kijivu, jozi mbili za viatu, na diploma niliyoiweka ndani ya bomba la bati ili isikunjike. Hakuna Mwafrika wa mji ule aliyewahi kushuka pale na kitu kama kile. Nalisema bila haya kwa sababu hakuna aliyenibeba. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kwa mkataba wa kampuni, akapakia mawe ya shaba mpaka mgongo ukapinda. Mimi nilifua makanzu ya mapadri ili nisome, nikawa karani, nikapita kila mtihani uliowekwa mbele yangu, na mwishowe nikapelekwa ng'ambo miaka mitatu kusomea huduma za jamii na mambo ya wafungwa. Tulikwenda watano. Wenzangu wanne walirudi na picha za theluji. Mimi nilirudi na cheti.

Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni ambako baba alikuwa bado anakaa, akina mama waliokuwa wakiteka maji bombani walinipokea kwa namna yao.

"Mupishe, batoto, Tata Diplome anapita! Musimumwangie mayi, karatasi itaoza!"

"Mumuulize kama anajua bado kumega bukari na mukono, ama balimufundisha kutumia kisu."

Nilicheka nao, mimi Baba Diploma. Jioni ile nilimega bukari, ugali wetu, kwa mkono uani, mahali ambapo wote wangeniona.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, wakati wakubwa walipoanza ghafla kutafuta Waafrika wa kuwaonyesha wageni. Chuo kikuu kilikuwa kimefungua kozi mpya: haki ya jinai na uendeshaji wa magereza. Shabaha yake ilikuwa kutoa maofisa wa magereza weusi wenye shahada. Kundi la kwanza, watu kumi na mmoja, lilikuwa linakaribia kumaliza, na tayari walimu wengine walikuwa wanasema kozi ni upotevu, kwamba mlinzi wa gereza anahitaji ufunguo na mkono mzito, basi. Ikaamuliwa kozi ipimwe. Ikionekana inafaa, wale kumi na mmoja watapewa shahada na kundi jingine litaingia. Ikionekana haifai, itafungwa, na wao watarudi kuwa makarani. Wapimaji tulikuwa wawili: profesa mmoja wa sheria, Mzungu mwembamba aliyevuta kiko bila kukoma, na mimi.

Niliifanya kazi ile kwa uangalifu ambao hata sasa sioni aliyenizidi. Nilisoma orodha ya masomo yote na saa zake. Nilisoma mitihani ya miaka miwili, pamoja na majibu. Nilihesabu vitabu kwenye kabati lao na kukuta vingi havijawahi kufunguliwa, kurasa bado zimeshikana. Nilikaa nyuma darasani nikamsikiliza mwalimu akichora ubaoni gereza la Ulaya lenye umbo la gurudumu, na watu kumi na mmoja wakilinakili kwa rula, wanaume wazima wenye wake na watoto. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gurudumu lile litajengwa wapi. Niliandika hayo yote. Niliandika kwamba sheria inafundishwa vizuri, kwamba historia ni ndefu mno, na kwamba mazoezi ndiyo yatakayoamua.

Mazoezi yalifanyika kwenye gereza la Kolwezi. Pale kila mwanafunzi alipaswa kumhoji mfungwa aliyetimiza nusu ya kifungo chake, mbele ya wenzake wote, na kujaza karatasi iliyoitwa karatasi ya majuto. Mfungwa aeleze kosa lake kwa maneno yake mwenyewe. Aseme anamfikiriaje mtu aliyemdhuru. Aseme angefanya nini kama siku ile ingerudi. Majibu yalipewa alama juu ya ishirini. Aliyepata kumi na zaidi, jina lake lilipelekwa ili aachiliwe kabla ya muda. Aliyepungukiwa alisubiri mwaka mwingine. Karatasi ya namna ile niliijua tangu Bulaya. Nilipoiona mezani nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Mfungwa ninayemkumbuka alikuwa wa saba kuhojiwa. Alikuwa mchimbaji wa Kapata, mtu wa upande wa Kasaji, mwenye umri wa kama miaka arobaini. Miaka minne kabla ya hapo aligombana na mtu wa kwao juu ya baiskeli, akampiga kwa koleo, na siku ya tatu yule mtu akafa. Alipewa miaka minane. Kifua chake kilikuwa kimeharibika. Daktari wa gereza alikuwa ameandika kwenye faili kwamba hatavuka mvua mbili akiendelea kulala kwenye sakafu ile. Yeye mwenyewe aliomba jambo moja tu, na lilikuwa limeandikwa juu ya faili kwa penseli: arudi Kasaji, kwa kuwa mama yake alikuwa bado hai.

Aliyemhoji alikuwa mwanafunzi wa asili ya Kasai kama mimi, zamani karani wa kuhesabu saa za wachimbaji, baba wa watoto wanne. Alikuwa mwerevu kuliko wote, na mwenye utani.

"Kaa, tata," alimwambia mfungwa. "Hii kiti haiko ya umeme."

Watu walicheka. Mfungwa akakaa. Alitaja jina lake, kijiji chake, miaka ya kifungo chake, kwa sauti ndogo yenye mkwaruzo. Kisha likaja swali la kwanza la karatasi.

"Sasa utuelezee kosa yako. Namna ilifanyika."

Mfungwa akaangalia sakafu.

"Tata, hatukupigi. Useme tu."

Akaweka kiganja juu ya mdomo wake. Hakukiondoa. Mwanafunzi alirudia kwa Kiluba, akarudia kwa Kiswahili, akamwomba mlinzi mmoja aseme kwa Kilunda. Kiganja kilibaki pale pale. Aliulizwa juu ya marehemu, akafumba macho. Tulikaa hivyo mpaka kiko cha profesa kikazimika. Mwisho mwanafunzi akaandika nne juu ya ishirini. Hakuwa na la kufanya. Karatasi ilisema wazi kwamba anayekataa kuongea ni mkaidi.

Tulipotoka, profesa alinivuta kando. Alikuwa amekata tamaa.

"Saba," alisema. "Saba, na wote ama wananyamaza, ama wanakariri katekisimu. Bwana, mimi naipenda kozi hii, lakini nitaandika nini? Nionyeshe mtu mmoja. Mmoja tu ambaye maswali haya yamemfungua, nami nitatia sahihi."

Alitaka kuondoka Kolwezi baada ya wiki tatu. Nikamwambia aniachie jambo hilo. Nikamwambia, na maneno yenyewe nayakumbuka, "Mimi nawajua watu wetu."

Nje ya lango la gereza kulikuwa na mzee amekaa juu ya gogo, amevaa koti la reli lililopauka. Alisimama aliponiona, akavua kofia.

"Tata, njo weye ulisoma Bulaya?"

"Njo mimi."

"Mi ni mujomba ya ule muntu wa Kasaji. Niko hapa siku tano. Bamenikataza kuingia." Akajigusa midomo kwa kidole. "Mi njo kinywa yake. Baniache niingie, mi nitasema yote. Yeye hawezi kusema."

Nilijua kitu fulani juu ya hilo. Kila mtu wa Katanga anajua kwamba kwa watu wa upande ule mjomba ndiye mwenye kesi ya mpwa wake, na kwamba mtu mwenye heshima hajisemei mbele ya wakubwa. Hata kwetu Kasai kuna mambo kama hayo. Nikamwahidi nitajaribu. Nilikwenda kweli kwa profesa, akanijibu kwa upole kwamba hawezi kupima majuto ya mtu kwa mdomo wa mtu mwingine, kwamba hapo ndipo sayansi inapokwisha. Sikubishana naye. Ukweli ni kwamba nilikubaliana naye. Sikuvuka bahari ili nije kumwambia profesa kwamba dawa ya gereza ni wazee.

Nikarudi langoni. "Bamekataa, tata. Lakini usiogope. Nitamufundisha yeye mwenyewe aseme."

"Hapana. Nimekuambia, hawezi kusema."

"Ataweza. Ni kuona haya tu kunakomfanya anyamaze."

"Haiko haya, tata. Ukae kidogo, nikuelezee. Siku ile tulikutana na bandugu ya marehemu..."

Nilikuwa na miadi na profesa ya kukagua mitihani. Nikatazama saa. Nikamwambia mzee arudi kwao Kasaji na treni ya kesho, akaandae nyumba, kwa maana mpwa wake atamfuata kabla ya mwezi kwisha. Alinitazama sana. Kisha akavaa kofia yake. Nadhani aliniamini. Mtu aliyetoka na suti ofisini mwa Wazungu aliaminiwa siku zile.

Nilimkuta mfungwa uani amekaa na wagonjwa wengine, wanachambua mchanga kwenye maharagwe. Nilichuchumaa karibu naye, suti na yote. Nikamweleza karatasi, nikamweleza alama, nikamweleza kwamba nne ni mwaka mwingine na kumi ni Kasaji.

"Mwaka mwingine sina," alisema.

"Basi sema. Sema ulivyompiga. Sema unavyojuta. Unajuta, ama hujuti?"

Alichambua maharagwe kwa muda. "Kila siku," alisema.

"Sasa sema hivyo hivyo mbele yao. Dakika kumi tu."

"Na mujomba?"

"Mjomba nimeongea naye. Amekwenda kukuandalia nyumba."

"Alikubali mi niseme?"

Hapo ningeweza kujibu kwamba sikuuliza. Nilijibu, "Mjomba atafurahi kukuona."

Akanitazama kwa macho ya mtu mwenye homa. "Weye unajua vizuri, tata? Hii maneno iko nzito. Unajua?"

"Najua," nikasema. "Nilisomea."

Siku kumi nilikuwa naye kila asubuhi. Sikumtungia maneno, hilo naliapa mpaka leo. Nilimpa swali, nikasubiri. Siku ya kwanza aliweka kiganja mdomoni na kutokwa na jasho. Siku ya nne alisema neno "koleo". Siku ya sita alitaja jina la marehemu, kisha akatapika. Nilimwandikia yule mwanafunzi wa Kasai taarifa ndefu juu ya maendeleo yale, naye akaja kuangalia siku ya nane. Tulipotoka alinishika mkono wa koti.

"Tata, huyu muntu anaogopa kitu," alisema.

"Anaogopa nafsi yake. Ndiyo hatua yenyewe. Imo kitabuni."

"Imo kitabuni," alisema. "Sawa."

Kikao cha pili kilifanyika chumba kile kile, na watu wale wale, pamoja na walinzi watatu waliosimama mlangoni kusikiliza. Mfungwa alikaa. Aliulizwa swali la kwanza. Na akasema.

Alisema yote. Alisema baiskeli ilikuwa ya nani na kwa nini hasira ilimpanda. Alisema sauti ya koleo. Alisema kwamba marehemu hakuanguka mara moja, kwamba alimtazama kwanza na kumwita kwa jina la utotoni, jina ambalo watu wawili tu walilijua kwa sababu walichunga mbuzi pamoja. Alisema jina lile. Alilia bila kujifuta. Mwanafunzi aliyekuwa anaandika aliacha kuandika. Mlinzi mmoja pale mlangoni aligeuka akatoka. Nilidhani huruma imemshinda.

Kumi na saba juu ya ishirini. Haikuwahi kutolewa alama kama ile. Profesa alinishika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya wote, Mzungu akanishika hivyo, na siwezi kudanganya: siku ile ilikuwa tamu kuliko siku niliyopewa diploma. Usiku huo huo nilianza kuiandika ripoti, na kesi ya mtu wa Kasaji niliiweka mwanzoni kama ushahidi kwamba kozi inafanya kazi. Profesa alitia sahihi chini ya jina langu.

Karatasi ya kuachiliwa ilikuja baada ya siku tisa. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka stesheni. Alikuwa amevaa shati langu la zamani. Alishika mfuko wake wa shuka kifuani na kupanda behewa la nyuma, na treni ikaenda upande wa magharibi.

Siku ya sita alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya baba yangu, Kapata, na mfuko ule ule.

"Amenikatalia," alisema.

"Nani?"

"Mujomba. Hakunipiga. Hakunitukana. Alisimama mu njia akaniambia nirudi mahali nilisemea."

Mama yangu alimpa maji. Nilimwambia alale kwenye chumba cha nyuma, kesho nitakwenda kulimaliza mwenyewe. Nilikasirika kwa niaba yake. Nilichukua treni, nikapanga hoja zangu njia nzima kama wakili, nikashuka Kasaji, nikakodi baiskeli na mtu wa kuniendesha mpaka kijiji chao. Mzee nilimkuta anashona mkeka. Hakusimama wala hakuvua kofia.

"Tata Mjomba," nilianza, "mtoto wako ni mgonjwa. Serikali imemsamehe. Ninyi ni nani msimsamehe?"

"Shiye tulimusamehe zamani," alisema. "Kabla ya serikali."

Na hapo ndipo alinieleza lile alilotaka kunieleza langoni. Mwaka ule wa kifo, jamaa za pande mbili zilikutana. Zilikula pamoja, zikanawa mikono kwenye chungu kimoja. Ndugu za marehemu waliuliza swali moja tu: mwenye kuua ataisema damu hii? Mjomba akaapa kwamba hataisema maisha yake yote. Jambo limezikwa, na kama kuna mahali linapaswa kutajwa, atalitaja mjomba, kwa maneno yaliyokubaliwa. Aliyeua akilisema kwa kinywa chake amelifukua. Amani imevunjika, na mjomba ni mwongo.

"Mulinzi mumoja wa gereza ni shemeji yabo," alisema mzee. "Maneno ilifika hapa kabla ya mutoto kufika. Hata lile jina ya utoto alisema. Mama ya marehemu alisikia ile jina mu soko, kwa kinywa ya muntu wa kuuza chumvi."

Nilichuchumaa mbele ya mkeka wake.

"Mbona hukuniambia?" nilisema.

"Nilikuambia hawezi kusema."

"Nilidhani ni haya."

"Weye ulitazama saa," alisema mzee.

Nilimwomba tukutanishe upya jamaa mbili. Akasema ndugu za marehemu wamekataa hata kunywa maji kwake. Wamesema mpwa wake akikanyaga kijiji, damu itadaiwa kwa damu, na hao ni vijana, wana mapanga, hawasikii wazee. Nilimwomba basi nimwone mama wa yule mtu, nimpelekee salamu. Mzee aliinua mkono kuelekea nyumba ndogo ya udongo nyuma ya muhogo. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilisimama nje yake nikabisha hodi. Nilisikia mtu akisogea ndani. Haukufunguliwa.

Nilirudi Kapata. Nilimwambia yule mtu kwamba mambo yatachukua muda. Alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mtoto. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Aliishi chumba cha nyuma karibu miezi miwili, akisaidia kuchambua mboga alipoweza kukaa. Akina mama wa bombani waliacha kunitania. Mmoja wao, jirani yetu, alileta mafuta ya kumsugua kifua, na aliponipita uani alisema, bila kuniangalia, "Tata Diplome, huyu mugeni wako hana kwabo?"

Alikufa asubuhi, mvua ya kwanza ilipoanza. Tulimzika kwenye makaburi ya wafanyakazi. Nilikuwepo mimi, baba, mama, yule mwanafunzi wa Kasai, na wachimbaji wanne wa upande wa Kasaji waliosimama mbali kidogo na jeneza. Kwao, mtu hafunikwi kabla mjomba hajasema alikuwa nani na ametoka kwa nani. Wale wanne walisubiri. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini ni nani anamsemea. Hakuna aliyejibu. Wakasubiri tena, kisha wakashika makoleo.

Tulipokuwa tunatembea kurudi, nilimwambia mwanafunzi kwamba nina barua mfukoni. Ilikuwa ya kwenda kwa profesa, kurasa mbili, yote yaliyotokea. Nilikuwa naifuta ripoti yangu.

Alikung'uta udongo wa kaburi mikononi.

"Ukituma ile, kozi inafungwa," alisema.

"Ndiyo."

"Batu kumi na mumoja banarudi kuwa makarani. Na bale baliosema mulinzi hana haja ya shahada, itaonekana balisema kweli."

"Ndiyo."

"Mi niko na batoto bane, tata." Akasimama. "Lakini usifanye kwa sababu yangu. Ukiiacha mu mufuko, iache kwa sababu yako mwenyewe. Mi sitakushukuru."

Sikuituma. Nimewaeleza watu sababu nyingi kwa miaka mingi, na baadhi yake ni nzuri: kwamba barua isingemfufua mtu, kwamba magereza yalihitaji watu weusi waliosoma kuliko yalivyohitaji ukweli wangu, kwamba uhuru ulikuwa unakuja na tungekosa maofisa. Yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba jina langu lilikuwa chini ya ripoti ile, na sikuwa nimewahi kushindwa mtihani.

Sherehe ya kutoa shahada ilifanyika kwenye ukumbi wa chuo, na feni za umeme zikizunguka juu. Nilikaa safu ya mbele, Mwafrika pekee katika safu ile. Majina kumi na moja yaliitwa. Yule mwanafunzi wa Kasai alipopita hakunitazama. Kisha profesa alisimama kueleza kwa nini kozi imestahili kuendelea, na akasema hataongea mwenyewe, atamwacha mfungwa mmoja aongee. Alifungua ripoti yangu. Akasoma kwa Kifaransa kizuri, polepole, mbele ya wakubwa wa jimbo na wake zao waliovaa kofia: baiskeli, koleo, namna marehemu alivyomtazama kabla ya kuanguka. Akasoma na lile jina la utotoni. Alilitamka vibaya, akasimama, akalirudia ili alitamke sawasawa.

Watu walisimama kupiga makofi. Mama mmoja karibu yangu alikuwa analia. Profesa alininyooshea mkono pale nilipokuwa, ili wanione. Nikasimama.